Visu vya Kukunja vya Mafundi Umeme wa Zamani: Kuvitafuta, Kuvikagua na Kuvitunza Mtwara na Lindi

Kisu cha zamani kinachong'aa kama kimetoka dukani jana, sehemu kubwa ya thamani yake imeshabaki kwenye msasa wa mtu. Anayeanza kukusanya hulizwa hapo: anaacha kisu cheusi chenye ubapa mzima, anachukua kile kilichosuguliwa mpaka jina la kiwanda likafutika. Sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ukaguzi, kwa sababu kusafisha ni kazi ya nusu saa, ila kujua kisu kimebaki na nini kunataka macho, vidole na sumaku.

UNATAFUTA KISU GANI

Kisu cha fundi umeme cha aina iliyoenea zaidi kina bapa mbili kwenye mpini mmoja. Ya kwanza ni ya kukata, yenye ncha iliyo katikati kama ya mkuki. Ya pili ni bisibisi bapa, na ubavu wake mmoja umeachwa na kona kali ya kukwangulia waya ili shaba ibaki safi kabla ya kuungwa. Bisibisi hiyo ikifunguka mpaka mwisho, ulimi mwembamba wa bati la ndani huruka na kuizuia isijikunje ukiwa unakaza skrubu. Ubapa wa kukata hauna ulimi huo. Unashikiliwa na springi ya mgongoni tu. Ukiona zote mbili zinajifunga, au hakuna hata moja inayojifunga, kagua mara mbili kabla ya kuamini unachoambiwa.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni TL-29 wa Kikosi cha Mawasiliano cha Jeshi la Marekani, uliotolewa kwa mafundi wa simu za waya pamoja na koleo katika mfuko wa ngozi wa kuvaa mkandani. Ulitengenezwa na viwanda vingi kwa wakati mmoja, vikiwemo Camillus, Ulster, Schrade, Pal, Imperial na Kutmaster, kwa hiyo visu viwili vya TL-29 vinaweza kuwa na majina tofauti na vyote vikawa halali. Kikiwa kimekunjwa kina urefu wa takribani sentimita 9.5, na mwishoni kina pete ya kufungia kamba.

Zipo koo nyingine. Uswisi walitengeneza kisu cha fundi umeme chenye mpini wa alumini iliyochongwa vijimraba, chenye ubapa mkubwa, bisibisi yenye kijipengo cha kumenyea waya, sindano ya kutobolea, na ubapa mfupi wa kumenyea kebo. Solingen, Ujerumani, walitoa visu vya kebo vyenye mpini wa mbao na ubapa mmoja mnene. Sheffield, Uingereza, ndiko vilikotoka visu vingi vya kazi vilivyouzwa katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, na Tanganyika ilikuwa mojawapo. Mkusanyaji wa huku kusini asikae akisubiri TL-29 peke yake. Kisu cha Sheffield chenye jina linalosomeka si cha kudharau.

PA KUVITAFUTA

Fuata kazi ilikokuwa. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza 1947 na kusitishwa 1951, na Nachingwea ndiyo ilikuwa kambi yake ya kusini. Kwa ajili yake ilijengwa reli ya kuunganisha Nachingwea na pwani, pamoja na bandari ya kina kirefu ya Mtwara. Reli ikang'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Kulikuwa na karakana, matrekta, jenereta na nguzo za simu, na palipo na vitu hivyo huwa na masanduku ya vifaa. Mashamba ya mkonge ya Lindi, kama Kikwetu, nayo yalikuwa na mitambo. Halafu kuna bandari zenyewe, Lindi na Mikindani, ambako mabaharia walipita kwa karne nyingi.

Siku hizi kisu cha aina hii unakikuta kwa mnunuzi wa chuma chakavu, kwenye kopo la fundi baiskeli, au kabatini kwa mstaafu wa simu, reli au bandari. Kwa mnunuzi wa chakavu wahi asubuhi, kabla mzigo haujapimwa na kufungwa kwenye viroba. Kwa fundi baiskeli omba kuona kopo la vidude vyake, maana kisu chenye bisibisi inayojifunga kinamfaa kazini na huenda kisiwe cha kuuza. Kwa mzee usianze na bei. "Shikamoo, mzee" kwanza, kaa, uliza habari za kazi alizofanya. Akikitoa kisu, uliza alikipataje na alikitumia wapi, uandike akikuruhusu. Kisu chenye maelezo ya kazi yake kina uzito kuliko kile kile kisicho na maelezo. Na mwombe jambo moja mapema: asikisafishe. Wazee wengi kwa heshima ya mgeni hukimbilia jivu na stilwaya, na dakika tano zinatosha kufuta herufi zilizodumu miaka sabini.

Ukikuta herufi EAR&H, hizo ni za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililokuwepo kuanzia 1948 hadi lilipogawanywa 1969. Alama ya mshale mpana wenye mistari mitatu ni ya mali ya serikali ya Uingereza. Alama hizi zinaongeza thamani, ila kama kifaa kina alama ya shirika lililopo leo, uliza kimetokaje kazini. Usipopata jibu linaloeleweka, kiache.

Vya kubeba ukienda sokoni ni vichache. Beba sumaku ndogo (ya spika iliyokufa inatosha), kioo cha kukuza, tochi, rula ya chuma au vernia, kichupa cha mafuta ya cherehani, kipande cha chaki nyeupe na kitambaa cha pamba.

KABLA HUJAKIFUNGUA

Kishike kikiwa kimekunjwa, mgongo ukielekea juu, utazame mstari wa springi. Springi na bati za ndani zinatakiwa ziwe usawa mmoja. Springi ikiwa imezama au imepanda, ama kisu kilifunguliwa na kufungwa upya na mtu asiyejua, ama springi imechoka. Kigeuze utazame kutoka upande wa bapa: zinalala katikati, au zinagusa bati? Ubapa uliopinda hukwangua bati kila unapokunjwa, na mkwaruzo wake unaonekana kama mstari wa manjano uliong'aa ndani ya giza.

Sasa tazama ubapa ulivyozama ndani ya mpini. Hapa ndipo ukaguzi wote ulipo, kwa hiyo usiharakishe. Kisu kizima kikikunjwa, mgongo wa ubapa huonekana vizuri juu ya ukingo wa mpini, na mkato wa kucha, yaani mfereji mdogo wa kuufungulia ubapa kwa ukucha, uko mahali unaposhikika bila taabu. Ncha yenyewe lazima izame isichome mfukoni. Kisu kilichonolewa miaka mingi hupungua kutoka upande wa makali, na hilo halionekani kirahisi kikiwa kimekunjwa. Kinachoonekana ni ncha: makali yakiliwa, ncha hupanda kuelekea mgongoni, na mara nyingi huchungulia nje ya mpini. Mjanja atausaga mgongo ili ncha izame tena. Ukiona mgongo umeteremka karibu na ncha, au mkato wa kucha umekaribia mno ukingo wa juu, ubapa huo umesagwa.

Angalia mpini. TL-29 za awali zina mpini wa mbao nyekundu iliyokoza, na nyingine zina kijingao cha bati kilichochongwa TL-29. Baadaye herufi ziligongwa moja kwa moja kwenye mpini, kisha plastiki nyeusi ikachukua nafasi ya mbao. Mbao ikikauka husinyaa, na huacha pengo la nusu milimita hadi milimita moja kati yake na kofia ya chuma iliyo mwishoni. Pengo dogo kwenye kisu cha zamani ni jambo la kawaida, tena ni ushahidi mzuri wa umri. Mbao iliyobana kabisa, isiyo na ufa wala mkwaruzo, juu ya kisu chenye bapa zilizolika, imebadilishwa.

Pini za mpini zipitishe sumaku. Pini za asili za aina nyingi ni za shaba au aloi yake, na sumaku haizishiki. Fundi wa mtaani akikosa pini ya shaba hukata msumari. Sumaku itaukamata mara moja, na mara nyingi utaona duara la kutu limeenea kwenye mbao kuuzunguka.

KUKIFUNGUA NA KUKISIKILIZA

Usilazimishe kisu kilichokwama. Dondoshea tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba ya kila ubapa, kisimamishe bawaba zikiwa juu, ngoja dakika kumi. Kikigoma, rudia na uache usiku mzima. Ukitumia koleo utaacha alama za meno kwenye ubapa, na kucha ikikatika si hasara kubwa kama ncha ikivunjika. Kile chenye uchafu ulioganda, chovya sehemu ya bawaba kwenye mafuta ya taa kwa saa chache, lakini kwa mpini wa chuma au mbao tu. Mpini wa plastiki au seluloidi (aina ya plastiki ya zamani) usiukaribishe kwenye kimiminika chochote kabla hujajua ni nini.

Ubapa ukianza kutembea, ufungue na kuukunja polepole mara tatu. Springi nzima inakataa kidogo mwanzoni, inalegea katikati, kisha inaumalizia ubapa kwa mlio mkavu: tap. Mlio mzito usio na ukali una maana ya uchafu chini ya springi au springi iliyochoka, na dawa ya uchafu ni rahisi, kwa hiyo safisha kwanza ndipo uhukumu. Ubapa unaoanguka wenyewe bila kusukumwa una springi iliyovunjika au iliyopoteza nguvu. Hiyo haitengenezeki bila kukifumua kisu chote, na kisu kilichofumuliwa hakirudi kuwa cha asili.

Ukiwa wazi, ushike ubapa karibu na ncha, uusukume kushoto na kulia. Mchezo mdogo sana wa pembeni unavumilika kwa kisu kilichofanya kazi. Mchezo wa juu na chini una maana kwamba pini ya bawaba au tundu lake limelika. Usikubali muuzaji akupigie pini nyundo mbele yako "ili ikaze". Pini itavimba, na bati la shaba litapasuka taratibu.

Zamu ya bisibisi. Ifungue mpaka ulimi uruke. Weka ncha yake juu ya ubao laini, kandamiza taratibu kuelekea upande wa kukunjika huku vidole vikiwa mbali na njia yake. Ulimi ukiteleza, chungulia mahali unapogusana na shina la bisibisi. Ulimi wa shaba hulika kuliko chuma, na pembe yake ikishakuwa ya mviringo haitashika tena. Wapo wanaoupinda ulimi kwa bisibisi nyingine ili ufike mbali zaidi. Unashika wiki moja, kisha unakatika mzizi. Kisu chenye ulimi uliolegea kinafaa kuwekwa, hakifai kutumiwa.

Ncha ya bisibisi inasema mengi. Ikiwa na vishimo vidogo vya mviringo vyenye ukingo ulioyeyuka, iligusa waya wenye umeme. Alama hizo hazifanani na kutu: kutu ni butu na hutawanyika, hizi ni chache na zina mdomo laini. Wakusanyaji wengine huzikataa. Kwa maoni yetu, kwa kisu cha fundi umeme alama hiyo ni cheti cha kazi, mradi haijala zaidi ya ncha. Na hapa isemwe wazi: mpini wa mbao au plastiki wa visu hivi si kinga ya umeme. Pini na bati za chuma zinapita ndani na kutokeza nje. Kwa kazi ya umeme leo tumia vifaa vilivyopimwa kwa volti 1000 chini ya kiwango cha kimataifa cha IEC 60900, na ukate umeme kwanza hata hivyo.

KUSOMA SHINA

Jina la kiwanda hugongwa kwenye shina, ile sehemu nene ya ubapa isiyo na makali iliyo karibu na mpini. Kwa kawaida liko upande wa mbele wa ubapa mkubwa, na bisibisi inaweza kukosa jina. Usikwangue. Futa mafuta kwa kitambaa, paka unga wa chaki, futa juu juu ili chaki ibaki kwenye mifereji ya herufi tu. Zima taa ya chumba, weka tochi pembeni ikiwa karibu kulala sambamba na chuma, piga picha kwa simu, kisha kuza picha. Herufi usizoziona kwa macho huchomoza kwa kivuli chake.

Majina yana tarehe zake. Camillus ilifunga kiwanda 2007. Schrade ya Walden, New York, ilitumia jina la Schrade Cutlery mpaka iliponunuliwa 1946, kisha shina likaandikwa Schrade Walden kwa miaka mingi. Victorinox haikuwa na jina hilo kabla ya 1921. Kabla yake alama ilikuwa Victoria, na silabi ya mwisho iliongezwa kutokana na neno la Kifaransa la chuma kisichoshika kutu. Neno "Solingen" limelindwa kwa sheria ya Ujerumani tangu 1938. Shina linalosema "West Germany" haliwezi kutangulia 1949, na halina sababu ya kuwepo baada ya 1990. Neno "England" peke yake mara nyingi hutangulia "Made in England", ingawa usilitegemee bila ushahidi mwingine.

Linganisha jina na vipande vingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda vya Marekani vilibana matumizi ya shaba na nikeli, ndiyo maana kuna TL-29 ambazo kofia na bati zake ni za chuma. Sumaku inakuonyesha hilo kwa sekunde mbili. Ikishika bati na kofia zote mbili, una sababu ya kufikiria miaka ya vita. Isiposhika, bati ni shaba na kofia ni aloi ya shaba, nikeli na zinki. Bati moja ikishikwa na jingine lisishikwe, visu viwili vimeunganishwa kimoja. Jambo hilo hutokea zaidi ya watu wanavyodhani, kwa sababu fundi aliyekuwa na viwili vibovu alijitengenezea kimoja kizima, akaendelea na kazi yake. Hakuwa anadanganya mtu. Anayekiuza leo kama cha asili ndiye wa kuangaliwa.

Kumbuka kwamba visu vipya vya mtindo wa TL-29 bado vinatengenezwa. Vingi vina chuma kisichoshika kutu, na herufi zake ni za juujuu, zimechomwa kwa mwanga wa leza badala ya kugongwa. Herufi iliyogongwa ina kina na kingo zilizovimba kidogo. Pitisha ukucha utaisikia. Chuma cha zamani cha kaboni kina weusi wa kijivu na buluu usio sawa. Weusi wa kutengenezwa kwa tindikali ni wa rangi moja, na hufika hata ndani ya mkato wa kucha ambako kidole cha mtu hakijawahi kugusa.

Rangi nyingine ya kuogopa ni buluu au zambarau ya upinde wa mvua karibu na ncha au kwenye makali. Hapo mtu alinoa kwa grenda. Chuma kikifika karibu nyuzi joto 300 hugeuka buluu, na ugumu wake hupungua. Unaweza kukinoa kikakata nyanya, ila kwenye kebo makali yatalala mara moja. Mafundi wa kunoa wanaozunguka na mawe ya kukanyaga hawana shida hiyo sana, kwa vile jiwe lao ni la taratibu. Shida yao ni kwamba wanakula chuma kingi kila mara.

CHUMVI, KOROSHO NA UNYEVU

Pwani yetu haina huruma na chuma. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na msimu wa mvua, Novemba au Desemba mpaka Aprili, kisu kilichofutwa asubuhi kinaweza kuwa na vidoa vya rangi ya chungwa jioni. Kisu kilichokaa Shangani au Mikindani hukaguliwa kwa ukali kuliko kilichokaa Masasi au Newala.

Kutu nyekundu ya juu hutoka. Kutu iliyochimba haitoki, na anayejaribu kuitoa hupunguza ubapa mzima ili kufikia chini ya kishimo. Paka mafuta ya cherehani, ngoja siku nzima, kisha kwangua kwa kipande cha waya mnene wa shaba uliopondwa kwa nyundo na kuchongwa kama patasi ndogo. Shaba ni laini kuliko chuma cha ubapa, kwa hiyo inabeba kutu bila kuchora mstari. Futa, paka tena, rudia mara nne au tano kwa siku tofauti. Simama pale kahawia inapogeuka nyeusi. Nyeusi hiyo ni ngozi inayolinda chuma, usiiguse.

Ndimu na siki zinatoa kutu, ndiyo, na zinatoa kila kitu kingine pamoja nayo. Ubapa hubaki wa kijivu cha majivu, ukiwa na mistari mahali tindikali iliposimama, na matone yaliyoingia chini ya springi yanaendelea kula bila wewe kuona. Jivu na mchanga ndiyo kabisa usithubutu.

Visu vya Tandahimba, Newala na Masasi vina tatizo lao. Vingi viliwahi kubangua korosho, na utomvu wa ganda umeganda juu ya bapa na bawaba kama vanishi nyeusi. Utomvu huo hubabua ngozi, kwa hiyo vaa glavu hata kama umekauka miaka. Usiukwangue ukiwa mkavu. Funga kitambaa chenye mafuta ya taa kuuzunguka ubapa kwa usiku mmoja, ulainike, ndipo utumie patasi ya shaba. Tabaka la zamani sana halitatoka lote. Liache lilipo.

Ukungu wa kijani kwenye shaba, hasa kwenye visu vilivyokaa ndani ya mifuko ya ngozi, futa kwa njiti ya jino na mafuta. Ngozi ina tindikali iliyobaki wakati wa kuitengeneza, na hunyonya unyevu. Hifadhi mfuko, lakini kisu kisikae ndani yake.

MPINI ULIOVUNJIKA

Mpini wa TL-29 nyingi za zamani ni wa kokobolo, mbao ya Amerika ya Kati. Ni jamii moja na mpingo, na mpingo unaota kwenye misitu ya Kilwa na Liwale, na vipande vyake vinabaki chini ya meza za wachongaji Wamakonde. Kwa anayetaka kukirudisha kisu kazini, hakuna mbao inayofaa zaidi. Chagua kipande kilichokauka angalau mwaka, bila mchirizi mweupe wa mti mchanga. Pasua vipande vya unene wa milimita 3 hadi 4, chora umbo kwa kutumia bati lenyewe kama kiolezo, toboa matundu kwa keekee ya kipenyo cha pini, au iliyozidi kwa sehemu ya kumi ya milimita. Mpingo hauvumilii pini ya kuingizwa kwa nguvu, hupasuka kwa kufuata nyuzi. Gonga kichwa cha pini kwa nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi. Vaa barakoa unaposugua msasa, vumbi lake linawasha ngozi na kifua.

Hayo ni kwa kisu cha kazi. Kwa kisu cha mkusanyiko, mpini wenye ufa ubaki na ufa wake. Ukilazimika kubadilisha, weka vipande vya zamani na pini zake kwenye mfuko wenye jina la kisu, ili atakayekuja baadaye ajue.

Kunoa nako ni vivyo hivyo. Kisu cha kutumia kinoe kwa jiwe la mkono, nyuzi 20 kila upande. Kwa ubapa wenye upana wa milimita 15, hiyo ni kuuinua mgongo milimita 5 kutoka kwenye jiwe. Bisibisi usiinoe kamwe. Kona yake ya kukwangulia inatakiwa iwe mraba, si makali.

KUHIFADHI

Kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na masanduku ya viatu, na kila kisu kimefungwa kivyake kwenye kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo. Mafuta ya cherehani ndiyo bora kwa bei na upatikanaji. Mafuta ya nazi, pamoja na wingi wake huku, yanachacha na kuwa gundi ndani ya bawaba. Ya kupikia vivyo hivyo. Kagua kila miezi mitatu wakati wa kiangazi, kila mwezi wakati wa mvua. Vipakiti vikishalowa hukaushwa juu ya mfuniko wa sufuria yenye moto wa mbali.

Mpini wa seluloidi ukae peke yake, kopo tofauti na chumba tofauti ikiwezekana. Ukiusugua kwa kidole mpaka upate joto hunukia kafuri. Ikianza kuoza hutoa mvuke wa tindikali unaotia kutu visu vya jirani. Dalili yake ya kwanza si kwenye mpini: ni kutu ya ghafla kwenye ubapa ulio karibu zaidi na mpini huo. Usiupime kwa sindano ya moto kama wanavyofanya kwa plastiki, unashika moto haraka sana.

Andika kadi kwa kila kisu: urefu kikiwa kimekunjwa, urefu wa ubapa kutoka kofia hadi ncha, maneno ya shina herufi kwa herufi pamoja na mpangilio wa mistari, matokeo ya sumaku kwa kila bati, kofia na pini, aina ya mpini, na mahali kilipopatikana. Piga picha tano: kimekunjwa pande zote mbili, kimefunguliwa, shina kwa mwanga wa pembeni, na mgongo. Na ukisafiri nacho kwa ndege kutoka Mtwara, kisiwe kwenye begi la mkononi. Kiweke kwenye begi la kupakiwa chini, kimefungwa kwenye kitambaa na kadi yake ikiwa mahali pengine, maana mafuta yatalowesha karatasi.